Majivu ya Kijani kwenye Motokari ya Papa Edmond

Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023. Keshero, Goma.
Leo nimepulizia rangi mulango wa chuma wa boutique ya Namegabe. Kijani cha giza, kama majani ya kahawa. Kazi ya Ulaya! Mutu aliyepiga rangi Kampala, Kigali na Bujumbura (Bujumbura siku mbili tu, lakini nilipiga) hafuniki vitu na magazeti kama Cédrick wa garaji ya ngambo ya barabara. Yule anafunika hata kivuli.
Upepo wa ziwa ukageuka. Motokari nyeupe ya jirani yangu, Papa Edmond, ilikuwa hatua kumi. Sasa upande muzima una vidoa vya kijani, vidogo kama mbegu za lengalenga. Ukipitisha mukono, vinakwaruza kama ulimi wa paka.
Papa Edmond akauliza ni nini. Majivu ya volkeno yetu, Nyiragongo, Papa! Akasema hajawahi kuona majivu ya kijani. Nikamueleza: hayo yanatoka chini kabisa, kwenye madini. Akatikisa kichwa kwa heshima. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, lakini kichwa kipo.

Jumanne, tarehe 7.
Kesho Papa Edmond anaenda Sake kumuchukua mama yake, Mama Athanasie. Vita inakaribia, na mama wa miaka themanini hawezi kukimbia na godoro kichwani. Nikasema nitamuoshea motokari bure. Moyo wangu mukubwa, ndiyo shida yangu.
Nikajaribu diluant, maji ya kuyeyusha rangi. Kidoa kikatoka, weupe wa motokari ukakifuata. Nikaacha. Nikachukua jiwe la volkeno, lile la kusugulia visigino. Likachora mistari kama daftari ya mutoto. Nikaacha tena.
Mama Kasoki alikuwa ananitazama. Ni mukimbizi wa Kitchanga, mufinyanzi. Nimemupa chumba changu, yeye na watoto wake watatu. Mimi ninalala ndani ya taksi iliyokufa. Akasema vidoa hivyo vinataka udongo laini na maji ya sabuni. Nikamuambia: mama, hii ni motokari, si chungu. Akacheka, akarudi kwa maharagi yake.

Jumatano, tarehe 8.
Aibu! Papa Edmond amerudi bila mama yake.
Askari wa baryeri, pale wanapofunga njia ya Sake, walizunguka motokari, wakakwangua kidoa kwa ukucha. Wakasema hii ni ya waasi, imepakwa nyeupe juu, na sasa kijani cha jeshi kinatokea kama jasho. Papa Edmond akaapa kwa Bikira Maria kwamba ni majivu ya volkeno, fundi wake mukubwa alimueleza. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Kisha wakaacha kucheka. Wakamuketisha kwenye jua, bila viatu, saa tatu nzima. Wakamurudisha: aje na motokari safi, ama asije.
Mama Athanasie amebaki Sake, ameketi juu ya mufuko wake kando ya njia. Mizinga inasikika mpaka hapa.
Na Papa Edmond hakunikasirikia! Aliniuliza kwa upole kama majivu hayo yana dawa. Nilitamani lava inimeze. Cédrick akapiga kelele kutoka ngambo: Eh, fundi, leo volkeno imetulia?

Alhamisi, tarehe 9.
Nimepiga magoti mbele ya Mama Kasoki, nikatoboa yote. Akasema alijua tangu Jumatatu, kwa sababu volkeno ilikuwa pia kwenye vidole vyangu.
Akafungua kitambaa kibichi. Ndani, bonge la udongo wa kwao, ukubwa wa kichwa cha mutoto. Alikimbia risasi na huo mugongoni, kwa sababu Goma ni mawe tu, na udongo huu ungekuwa vyungu vyake vya kuanzia maisha. Akaukanda, akatoa kila chembe ya muchanga. Akamwagia motokari maji ya sabuni. Akautelezesha polepole, bila kukandamiza. Kijani kikahamia udongoni! Anaukunja, anapata upande safi, anaendelea. Mimi nilishika ndoo. Ndoo tu.
Jioni motokari ilikuwa laini kama shavu. Udongo wote umekuwa kijani, haukubaki hata wa kikombe. Nikamuahidi mwingine. Akauliza nitautoa wapi. Nikaenda kuosha ndoo. Mimi!

Ijumaa, tarehe 10.
Mama Athanasie amefika! Askari wa baryeri walimuangalia Papa Edmond, wakafungua njia. Mama akashika mikono yangu miwili mbele ya jirani wote, akaniita mutoto wake aliyemutoa kwenye vita. Mama Kasoki alisimama nyuma, na sufuria ya uji mukononi. Nikafungua kinywa niseme: ni huyu, mama, na kile kijani kilikuwa changu.
Kikatoka: Aksanti, mama.
Uji sikuunywa.

Jumapili, tarehe 12.
Nimepata dawa ya aibu! Kinywa kikishindwa, rangi itasema. Papa Edmond na mama yake wako misani. Kesho asubuhi anarudi Sake kuchukua shangazi zake wawili. Basi nyuma ya motokari, kama malori ya Butembo yenye maneno makubwa, ninamuandikia ukweli wote: UDONGO NI WA MAMA KASOKI, MAJIVU NI YANGU. Bure kabisa! Imebaki rangi moja tu kwenye kopo, lakini ni ile nzuri, ya kijani. Mutu wa baryeri ataisoma kutoka mbali.