Injini Ikizima, Mama Mkwe Anauliza

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kasafiri kikazi. Kaniachia gari lake jipya pamoja na mama yake, anayefanyishwa mazoezi ya goti hospitalini kila asubuhi. Dereva ni mimi, kwa kuwa niko likizo. Likizo! Nimeachishwa kazi, na nyumbani hakuna ajuaye.
Shida ni gari. Lile la zamani lilinguruma mpaka mtu anameza maneno yake. Hili likisimama kwenye taa nyekundu, injini inajizima. Eti kubana mafuta. Kimya! Na mama mkwe ni mtu wa adabu zake, hapendi kupaza sauti. Husubiri kimya hicho ndipo aulize. Taa ya kwanza: likizo inaisha lini? Taa ya pili: mbona ofisini hawanipigii simu? Nikasema wananiheshimu.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu dereva wa teksi, mjuaji wa kila kitu, kanionyesha kitufe chenye herufi A ndani ya mshale. Ukikibonyeza, injini haijizimi. Kwenda hospitali, raha mustarehe! Kumbe ukizima gari, kitufe kinasahau yote. Wakati wa kurudi, taa ya sokoni, kimya. Mama mkwe akauliza kama bosi wangu hajambo. Nikasema amefariki. Sijui kwa nini! Akataka twende tukampe pole mjane. Nikasema marehemu hakuoa.

Jumatano, 5 Machi
Nimekibonyeza kitufe kwa woga mpaka kimezama, hakirudi wala hakifanyi kazi. Jirani kasema kiyoyozi kikipelekwa mpaka mwisho, injini haithubutu kuzima. Kweli haikuzima. Lakini mama mkwe alishuka anatetemeka, na jioni nzima anapiga chafya. Mtaalamu wa goti kaniuliza kama nilimtoa kwenye jokofu.

Alhamisi, 6 Machi
Ujanja mpya: usikanyage breki mpaka chini, liache gari litambae. Nikatambaa mpaka nikaligonga lori la taka. Nikakanyaga breki yote. Injini ikazima.
Hapo mama mkwe akasema, taratibu, kwamba alijua tangu Jumatatu. Kila siku ananiona nimejibanza uani na simu, naomba kazi kwa kunong'ona. Nilitamani ardhi inimeze! Akasema hanilaumu, kazi huja na kwenda. Ila binti yake asije akasikia kwa watu. Kesho anarudi; nikishampokea nimwambie mwenyewe kabla hatujafika nyumbani, la sivyo atamwambia yeye. Nikaapa. Nililia kidogo, sioni haya kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempokea mke wangu stesheni. Bampa lililobonyea nikamsingizia mbuzi. Nikashika njia ya viwandani, ndefu, lakini haina taa hata moja. Injini inanguruma, mwenzangu anasimulia safari. Nikajiambia nitamwambia tukifika kwenye ghala. Tukalipita ghala.
Mara reli! Kizuizi kimeshushwa, treni ya mizigo, mabehewa hayaishi. Injini ikazima. Mke wangu akanishika mkono. Akasema anaona nina jambo moyoni, nimwambie tu, lolote lile, hatakasirika. Macho yake yalikuwa na huruma mpaka nikaogopa.
Nikamwambia nimepandishwa cheo.
Naandika haya nikiwa bafuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Jikoni mke wangu anampa mama yake habari njema.