Kona za Majimoto

Jumatatu, 9 Februari

Miezi saba sasa niko Majimoto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikaribisha chakula kwake. Mwalimu Scola, ninayefundisha naye darasa la nne, kila wiki anaalikwa mahali. Ana nini ambacho mimi sina? Mimi nakula maharage peke yangu nikisikiliza majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Inauma.

Ila leo nimepata akili. Tumeanza pembe. Nimefundisha pembe kali, pembe mraba, pembe butu na pembe nyoofu. Kazi ya nyumbani: kila mtoto atafute pembe kwao, kwenye milango na madirisha. Mwalimu mwenyewe atapita kukagua, saa nane mchana. Nani atamfukuza mwalimu chakula kikiwa jikoni?

Jumanne, 10 Februari

Nimetengeneza kipimo cha mbao cha pembe mraba. Kikubwa, cha heshima. Nimekichora kwa kufuata kona ya meza yangu. Scola ameniuliza kwa nini nisichukue kile cha ofisini. Wivu tu.

Nimeanza kwa akina Natalia, mwanafunzi wangu. Mama yake alikuwa anapakua wali na samaki. Nikaweka kipimo kwenye kona ya mlango ili nionekane nina kazi. Hakikukaa sawa, pakabaki uwazi. Nikamwambia mama mlango wake si pembe mraba, ni pembe butu. Natalia akaandika kwenye daftari. Mama akauliza kama nyumba itaanguka. Nikasema siwezi kuahidi. Akafunika sufuria.

Alhamisi, 12 Februari

Nyumba nane. Zote butu! Zote zimejengwa na Fundi Ambrosi. Nilichopewa mpaka sasa: kikombe kimoja cha maji.

Watoto wamelielewa somo, siwezi kukana. Wanasimama milangoni mwa watu wakitangaza ubovu wa kona. Bibi mmoja amehamishia godoro kwenye banda la kuku. Leo nimeingia dukani, watu wakanyamaza. Wiki iliyopita walau walinisalimia. Sikujua kama salamu ya dukani inaweza kukosekana namna hii.

Ijumaa, 13 Februari

Fundi Ambrosi kaja shuleni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akatoa kamba yake ya kazi yenye mafundo, akawashikisha watoto watatu, akawavuta uwanjani: nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano kufunga. Akasema kona hiyo ni pembe mraba, na hivyo ndivyo anavyoanza kila nyumba. Kisha akaomba kipimo changu, akakilaza kwenye kona ya kamba.

Hakikukaa. Akawauliza watoto kipimo cha mwalimu ni pembe gani. Darasa zima, kwa sauti moja, likajibu pembe kali. Hata Kalisti, ambaye tangu Januari hajawahi kujibu swali.

Meza yangu imepinda. Nilitamani ardhi ipasuke. Scola alikuwa dirishani, bila shaka meno yote nje kwa kicheko.

Fundi akaniambia pembeni kwamba yeye naye alikuja hapa mgeni kutoka Sumbawanga, mwaka wa kwanza alikuwa anaongea na kuku. Akasema Jumapili baada ya misa nije kwake, mkewe atapika. Nikasema asante. Sikumsikia vizuri, akili yote ilikuwa kwenye meza.

Jumapili, 15 Februari

Fundi Ambrosi alikuja na pikipiki kunichukua. Akapiga honi mara tatu. Alisema wali umeiva, kuku amechinjwa, watu wananisubiri na akina Natalia wapo. Nikamwambia kupitia dirisha kwamba leo haiwezekani, nimebanwa. Akageuza pikipiki, akaondoka.

Na kweli nimebanwa. Natengeneza kipimo kipya, mara hii kwa kamba. Kesho naanza upya, nyumba za upande wa mnadani, saa nane kamili. Nikifanya kwa bidii, mpaka Pasaka lazima atokee mtu wa kunikaribisha chakula.