Pima Maji ya Dubai Nyumbani kwa Mama Zuhura

Wenzangu, leo nimeaibika. Tena palepale nilipopeleka posa! (Na jibu nilikuwa bado sijapewa.)

Mama Zuhura, mama wa binti ninayemposa, aliniita Mtoni nikamfungie rafu ya vyombo, ndefu, ukuta hadi ukuta. Nikajua huu ni mtihani. Rafu ikienda upande, na posa inaenda upande.

Sie maseremala hupima usawa kwa mpira wa maji: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yakitulia mnatia alama. Sasa mwenzangu Sefu kalala na homa. Nyumbani yupo Mama Zuhura peke yake. Nimwambie ashike mpira? Mama ambaye hata kumtazama usoni naona haya? Thubutu!

Nikachukua pima maji ya taa aliyoniletea kaka kutoka Dubai. Unabonyeza, kidoa chekundu kinatua ukuta wa pili. Huhitaji mtu. (Manzese nzima ninayo mie tu. Nimeitambia sana.)

Nikapanda stuli, nikabonyeza. Raha! Nikainama kuchukua penseli, mkono ukaenda upande. Na Mama Zuhura ndio anaingia na sinia ya chai.

Kidoa kikatua kifuani kwake. Katikati kabisa!

Nikageuza uso haraka. Adabu, jamani! Uso niligeuza, taa sikugeuza.

"Moto! Kanga inaungua!" Sinia chini, vikombe chali. Anajipigapiga kifua, moto hauzimiki. Jirani aliyekuwa anafua uani akaingia mbio na ndoo, akatumwagia maji ya sabuni, mama, mie na Dubai yangu. Dubai ikazima hapohapo.

"Kitu gani kile?" Mama Zuhura akauliza, povu likimchuruzika.

"Taa ya kupimia, mama. Shikamoo." (Shikamoo nilishampa asubuhi. Ulimi tu!)

"Mpira wa maji huna?"

"Ninao mkobani, mama, ila unataka watu wawili."

"Kwani mie si mtu?"

Akachukua ncha moja, akaitumbukiza kwenye maji yaliyobaki ndooni. Nyingine nikatia mdomoni nivute maji yajae mpira, huku natazama dari.

"Vuta kwa nguvu, mkwe," akasema.

Mkwe! Nilishtuka, nikameza funda zima.

Rafu imenyooka. Posa imekubaliwa. Tumbo linatoa povu. Anayetaka kucheka, kwanza anishikie ncha ya mpira.