Volti Tatu za Akiba

Jumatatu, 4 Agosti
Pedali zangu tatu za gitaa, vile visanduku vya kubadili sauti, zimekula betri tena. Na sasa hivi! Bi Kidawa, kiongozi wa kikundi chetu hapa Kilindoni, kasema harusi ya Baleni Jumamosi, gitaa langu ndilo litafungua wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Mimi! Siyo Waleed na kinanda chake. Ila kaonya: gitaa likikatika au likivuma, ufunguzi anapewa Waleed.

Basi, adapta. Waleed, bila kuulizwa, kanieleza kuwa pedali zinataka volti tisa, hasi iwe katikati ya plagi, na kila pedali iwe na njia yake. Ana maneno yule. Adapta ya king'amuzi cha Mama ni ya kumi na mbili. Nimepiga hesabu: tisa za pedali, tatu za akiba. Nani asiyetaka akiba?

Jumanne, 5 Agosti
Pedali ya kukwaruza sauti imetoa moshi. Kidogo tu. Mama akauliza naunguza nini, kisha akauliza tamthilia yake imekwenda wapi. Nikasema ni mawingu. Akachungulia dirishani. Jua kali.

Adapta nimeirudisha, nikapewa chai na muhogo. Zimebaki pedali mbili, ambazo ukiangalia vizuri ndizo muhimu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimenunua adapta ya tisa, hasi katikati. Kusoma najua, jamani. Nikaugawa waya mmoja kwa pedali zote mbili. Njia yake kila moja ya nini, hawa si ndugu?

Mazoezini: vuuuuu! Bi Kidawa akauliza nani kaleta friji. Nikalaumu umeme wa kisiwa. Akaniambia nizime, Waleed akapiga kinanda kwenye umeme huohuo. Safi kabisa.

“Jumamosi nikiusikia huo mvumo, Ussi, utakaa na wapiga makofi,” akasema Bi Kidawa.

Waleed kasema kaka yake aliacha gitaa, boksi lake la umeme la njia tano lipo tu nyumbani, aniazime. Nikamwambia nina utaratibu wangu. Sina.

Jumamosi, 9 Agosti
Utaratibu nimeupata Baleni, mezani! Maiki mbili za Waleed zisizo na waya: ya Bi Kidawa na ya akiba. Ndani ya kila moja, betri ya mraba, volti tisa. Pedali mbili, betri mbili. Kama si riziki ni nini?

Bibi harusi akaingia. Gitaa likatoka safi, bila mvumo hata chembe. Vigelegele! Nusura nilie.

Kisha Bi Kidawa akaanza kuimba. Midomo inakwenda, sauti haipo. Akachukua maiki ya akiba. Kimya. Akamtazama Waleed kwa jicho ambalo simwombei mtu. Akaziweka zote chini, akaimba kwa koo lake, na watu wakasogea kumsikia. Ilikuwa tamu, Mungu shahidi. Baadaye akaniambia ufunguzi ni wangu harusi zote. Waleed alikuwa bado anazitikisa maiki.

Jumatatu, 11 Agosti
Waleed kaja nyumbani. Kamwamkia Mama shikamoo, kanywa chai, kisha kaweka boksi mezani.

“Chukua, Ussi,” akasema. “Uniachie maiki zangu.”

Kumbe kajua! Nikamrudishia betri zake. Akacheka, nikacheka. Mtu mwema, hata kama ana maneno.

Boksi lenyewe sasa! Pedali mbili zimechomekwa, mvumo hakuna, mwangwi mtamu mpaka Mama kaacha tamthilia aje kusikiliza. Nina raha.

Njia nne zimeandikwa tisa. Ya tano, pembeni, imeandikwa kumi na mbili. Waleed kasema hiyo nisiiguse kabisa. Atasema hivyo, yeye ni mtu wa kinanda. Lakini kama tisa inatoa mwangwi mtamu hivi, hizo tatu za akiba je? Mwandiko wangu leo ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika plagi.