Saa ya Marehemu na Sumaku Sita

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu asubuhi. Kapata kazi! Muuguzi, kama mama yake. Anaanza zamu Jumamosi, hospitali ya ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Ana ombi moja tu: saa ya mama. Ile ya mkono, ya kutia ufunguo, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Mama yake aliihesabia mapigo ya moyo ya watu kwa miaka ishirini na mitatu, na alimwahidi itakuwa yake siku atakapovaa sare. Imelala kabatini miezi minane, ndani ya soksi yangu moja. Soksi ya pili ilipotea siku ya mazishi. Sikumwuliza mtu.

Nikamwambia nitaileta mwenyewe, Ijumaa. Simu ikanyamaza. Kisha akasema, kwa upole wa mama yake, kwamba labda aje nayo mjomba, maana mjomba ana gari.

Mjomba! Kaka wa marehemu. Shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Nilijua. Mvua ikinyesha, alijua. Mtu akivunjika mguu, alijua tangu mguu ulipokuwa mzima. Siku moja tu maishani mwake hakusema alijua, nayo ni siku aliyofariki dada yake. Kwa hiyo namvumilia.

Sababu ya simu kunyamaza naifahamu. Ni ile picha. Mwaka jana nilipeleka picha ya marehemu kwa ndugu zake, ya fremu na kioo, nimeifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Nilifika na mpira.

Safari hii hakuna kufunga. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi

Wazo lenyewe: mkoba wa kukaa juu ya tangi la mafuta, mbele ya macho yangu, ulioshikwa na sumaku. Tangi ni chuma. Sumaku hupenda chuma. Hakuna kamba, hakuna mpira, hakuna dua. Mimi ni fundi cherehani, mkoba kwangu ni kazi ya asubuhi moja.

Fundi redio wa jirani kanipa spika sita zilizokufa. Nimezivunja, nimetoa sumaku sita, kila moja na ukubwa wa kisahani. Akaniuliza za kazi gani. Nikamwambia za usalama. Akacheka mpaka akaketi.

Nimeshona turubai tabaka mbili, katikati sponji ya godoro kuukuu, sumaku chini. Mkoba ukanyakua mkasi mezani. Ukanyakua kopo la pini. Ukamnyakua na mteja, yaani mkanda wake, alipoinama kupima suruali. Kaenda zake bila suruali. Hasara ya maendeleo.

Pini zote zikamwagika. Nikachukua sumaku ndogo ya dukani kuziokota, nikamkumbuka mwenzangu. Jioni akitoka kazini alikuwa anapita dukani kuniokotea pini. Kabla hajagusa sumaku, huvua saa na kuiweka kwenye ukingo wa dirisha, taratibu, kama anayelaza mtoto. Kila siku. Nilikuwa namtania kwamba hayo ni maringo ya kinesi. Anatabasamu tu, hasemi kitu. Ukingo wa dirisha bado una duara dogo lisilo na vumbi. Au najidanganya. Sijapafuta.

Jioni nimejaribu mkoba kwa tofali. Nimepita matuta yote ya barabara ya shule. Tofali halikusogea!

Jumatano, 5 Machi

Bwana Nilijua kaja kukagua. Kauzunguka mkoba mara tatu, mikono nyuma, kama anayenunua ng'ombe. Akasema utachubua rangi ya tangi. Nikamwambia rangi ya tangi ilishachubuka kabla hajajua. Akauvuta kwa mkono mmoja. Haukutoka. Kwa miwili. Haukutoka. Akaweka mguu kwenye injini akavuta, na pikipiki nzima ikamfuata. Sijafurahi hivi tangu mwaka jana.

Akaomba aione saa. Nikampa, shingo upande. Akaizungusha ufunguo mara mbili akaiweka sikioni. Akasema ya dada ile, nzima kabisa, halafu akageuka kutazama barabara kwa muda. Nilijifanya natafuta uzi.

Alipoondoka nikaiweka saa mkobani, mfuko wa katikati, juu kabisa ya sumaku iliyo kubwa kuliko zote. Mahali pa heshima. Safari ni keshokutwa, lakini nimeiacha humo. Izoee.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeondoka saa mbili kamili asubuhi. Kabla ya kuondoka nimeitia saa ufunguo na kuilinganisha na simu. Mimi si mzembe.

Makorongo, kokoto, daraja la mbao lililokosa mbao mbili. Mimi nimeruka, kofia imeruka, meno yameruka. Mkoba haukusogea hata unywele. Penye kona iliyokula picha nikasimama, nikashuka, nikaitazama kona hiyo kwa dharau.

Nimefika. Simu inasema saa tano. Saa ya marehemu inasema saa sita kasorobo. Nikafikiri kidogo. Saa hii imehesabu roho za watu miaka ishirini na mitatu. Simu ni ya mitumba. Nikairekebisha simu.

Binti kanipokea getini na sare yake mpya. Nimefungua zipu mbele yake polepole, kwa madaha. Akaivaa. Ikamkaa mkononi kama ilivyomkaa mama yake, tundu la tatu la mkanda. Akasema, "Baba, umefika nayo kweli." Nikasema kwani alitarajia nini. Akanifuta vumbi usoni kwa kitambaa chake, nami nikamwacha.

Ushindi! Shemeji atapata habari kutoka kwangu mwenyewe, kwa utulivu, bila majivuno. Nimempitia njiani nyumbani kwake. Nimemweleza mara nne.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekuwa wa kwanza kufungua duka mtaa mzima. Kwa kawaida huwa wa mwisho. Muuza mkate akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia saa ni saa, asiyeweza kuamka alale. Nimekaa peke yangu karibu saa nzima nikisikitikia uvivu wa jirani zangu.

Mchana, cherehani inanguruma, simu ya binti.

"Baba, saa inakimbia!"

Nikapiga kelele kwamba wamkamate, wafunge geti, aliyeichukua asivuke barabara! Halafu akasema taratibu, neno moja moja, kwamba hakuna aliyeichukua. Ipo mkononi mwake. Inakwenda mbio. Kila saa moja inajizidishia robo nzima.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi kapima mapigo ya moyo wodi nzima kwa kutumia mshale mwekundu. Mgonjwa wa kwanza, hamsini na nane. Wa pili, hamsini na tano. Wa tatu, hamsini na moja, naye alikuwa anagombana na mwenzake kuhusu shuka. Binti akaingiwa na hofu, akaita muuguzi mkuu: wodi nzima mioyo inazimika! Muuguzi mkuu kaja mbio. Akamwambia ampime na yeye. Hamsini na sita, na ametoka kupanda ngazi. Akaitazama saa, akaitazama ya ukutani. Akamwambia binti, mbele ya wagonjwa wote, kwamba wenye kufa si wao bali ni saa yake. Mpaka Alhamisi alete saa inayosema kweli. Hadi hapo atakunja mashuka.

Mwanangu. Siku ya kwanza. Mashuka!

Hakulia kwenye simu. Mama yake pia alikuwa halii kwenye simu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemjua mkosaji. Nani aliyezungusha ufunguo Jumatano, mara mbili, bila kuombwa? Nimekwenda kwake kabla hajamaliza chai. Nimemwambia ameivunja saa ya dada yake kwa mikono yake minene. Akasema mikono yake imeishika dakika moja, mkoba wangu umeishika siku tatu. Nikamwambia mkoba hauna mikono. Dada yake, yaani mke wangu, angetucheka mpaka machozi yamtoke. Mkewe akatuambia sote tutoke nje, watoto wamelala.

Kisha Bwana Nilijua akafanya jambo baya sana. Akawasha gari, akaenda kule ng'ambo ya milima, akairudisha saa jioni hiyo hiyo. Imefungwa kwa leso, ndani ya mfuko wa shati. Mfuko wa shati! Usalama gani huo? Akanikabidhi akisema, "Haraka haraka haina baraka, shemeji."

Akaondoka taratibu, akifurahia utani wake.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa fundi saa. Kibanda chake hakizidi kabati, na yeye hazidi kibanda. Kavaa kioo chake jichoni, hakuifungua saa hata kidogo. Akaisogezea dira ndogo. Mshale wa dira ukageuka ghafla, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Akaniuliza saa hii imelala na sumaku? Nikamjibu haijalala, imesafiri tu. Halafu nikaongeza, kwa kuwa mimi ni mkweli, kwamba kabla ya hapo ililala kidogo. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: ndani mna utepe wa chuma mwembamba kama unywele, umejizungusha. Sumaku imegandanisha mizunguko yake, utepe umekuwa mfupi, ndiyo maana saa inakimbia. Akaipitisha juu ya kidude cheusi chenye kitufe, cha kuondoa sumaku, akainyanyua polepole. Basi. Muda wa kupiga chafya.

Nilikuwa natafuta tayari njia ya kumwomba radhi shemeji bila kumwomba radhi. Fundi akaniita nirudi. Akasema saa hii anaijua. Mke wangu mwenyewe aliileta mwaka ule tulipofungua duka letu la kushona, ikiwa na ugonjwa huu huu. Alimwonya asiisogeze tena karibu na sumaku. Naye akajibu kwamba mume wake ana sumaku ya pini, na yeye anapenda kumwokotea pini. Fundi akamwambia basi awe anaivua.

Duara la dirishani. Miaka yote ile, na mimi nasema maringo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Fundi akacheka. Akasema na yeye alimwuliza hivyo hivyo, mbona usimwambie bwana akaiweka sumaku mbali? Mwenzangu akamjibu, "Nikimwambia, atabuni kitu."

Nimetembea nyumbani nikiisukuma pikipiki. Sikujua kwa nini siipandi. Saa nimeishika mkononi.

Jumanne, 11 Machi

Saa inakwenda sawasawa. Nimeirudisha na simu nyuma. Leo nimekuwa wa mwisho kufungua duka, mtaa umetulia.

Shemeji kapita. Hakusema alijua, ila nyusi zake zilisema. Akajitolea kuipeleka saa kesho, kwenye mfuko wa shati. Nimemshukuru sana. Nimekataa. Binti anasubiri baba yake, si nyusi.

Mchana pini zilimwagika. Kabla sijagusa sumaku niliitoa saa mfukoni nikaiweka dirishani, taratibu, juu ya lile duara. Ilienea sawasawa. Nikaokota pini moja moja, nikichelewesha kazi makusudi.

Sasa nimeelewa kila kitu. Nimekaa na maneno ya fundi tangu jana na nimeona kosa lilipokuwa. Si sumaku. Ni uso wa sumaku! Nilizishona zote zinaitazama saa. Nani asingekimbia? Leo nimefumua, nimezigeuza zote mgongo, nguvu iende chini kwenye tangi ambako hakuna saa. Na kwa kuwa huenda mgongo ukawa dhaifu kuliko uso, nimeongeza nne. Fundi redio kanipa spika bila kuuliza neno. Alikuwa ameshaketi tayari.

Mwenzangu alisema nitabuni kitu. Alinifahamu kuliko mtu yeyote.

Safari kesho, saa mbili kamili. Saa nimeshaiweka mkobani, mfuko wa katikati. Izoee.