Meza ya Samaki Yawekewa Jiwe la Msingi

Jumanne ile taifa lilipata habari njema: Idara ya Mawe ya Msingi na Uzinduzi ilikuwa imepata kitu cha kuzindua.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bwana Kasimiri, mkurugenzi msaidizi wa idara hiyo. Zamani kiwanda kilifuata kiwanda, na tepe zilikatwa mpaka mikasi ikawa butu. Siku hizi kila kitu ruksa. Watu walijijengea maduka, mabucha na gesti, wakafungua mlango na kuanza kuuza bila utepe wala hotuba, kama wahuni. Na serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Idara ambayo ingefika mwisho wa mwezi bila kuzindua chochote ingefutwa, na Kasimiri angerudi mtaani na ujuzi wake mmoja, wa kumshikia kiongozi mto wenye mkasi.

Kitu chenyewe kilikuwa meza ya kuwekea samaki wa mapambo.

Tangi la samaki hao, la kioo kitupu, Kasimiri alipewa zawadi na Firoz, mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu kutoka Dubai. Mkewe Kasimiri, Rosalia, alilipandisha juu ya meza ya kulia na kuanza kumimina maji. Kabla halijafika nusu, meza ikatanua miguu kama ndama aliyezaliwa jana.

"Baba Gregori, nenda Keko ukachongeshe meza ya maana," alisema Rosalia. "Hili likidondoka tutavua samaki kwenye kochi."

Rosalia aliona meza. Kasimiri, kwa jicho la kitaalamu, aliona mradi.

Kule Keko alimkuta Fundi Bakari amekaa juu ya kabati jipya, anakunywa kahawa. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kitu hakitoki karakana mpaka mwenyewe amekikalia.

"Shikamoo mzee," alisema, akasikiliza habari ya tangi la samaki. "Tangi la maji ni sawa na kufuga ng'ombe sebuleni," alisema Bakari. "Nakupigia mbao ya mninga, miguu minene, naichomeka kwenye fremu, halafu naweka vikingamo vya kushikiza miguu huku na huku. Ikiisha unakuja kubeba."

"Haibebwi. Utaijengea palepale kwangu, na miguu iingie kwenye zege."

"Zege? Meza?"

"Mradi hauwekewi jiwe la msingi kama hauna msingi."

Bakari alishuka kabatini taratibu. "Mie sina neno, mzee. Ila siku ukitaka kuisogeza..."

"Miradi haisogezwi," alisema Kasimiri.

Alirudi Mbezi Beach anapiga mluzi, lakini getini kwake akadakwa na Bi Somoe, jirani aliyekuwa akikaanga na kuuza samaki pale nje. Bi Somoe alikuwa na benchi moja la wateja. Siku moja kiongozi mmoja wa wilaya, katika ziara, alilikalia kidogo akasema ahsante. Kasimiri, aliyekuwa kwenye msafara, alitambua papo hapo kwamba ule ulikuwa uzinduzi. Benchi likahamishiwa kwenye korido ya idara, na tangu siku hiyo wateja wa Bi Somoe wakala wima kama farasi.

"Baba Gregori, benchi langu je?"

"Bi Somoe, kilichozinduliwa na kiongozi ni cha wananchi."

"Kwani mie si mwananchi?"

"Wewe ni mwananchi mmoja," alieleza Kasimiri kwa upole. "Wananchi ni wengi."

Ujenzi ulianza. Bakari alichimba sakafu ya sebule, akasimamisha miguu, akamwaga zege. Meza ilipokamilika iliundwa Kamati ya Uimara. Kwa kuwa kamati haikuwa na vipimo, ilimtumia Bwana Albano, mhasibu, mtu mzito kuliko wote idarani. Alipandishwa juu ya meza akala wali na mchuzi, akaongezwa, na wajumbe wakamtikisa kutoka pande zote. Meza haikulia hata kidogo. Aliyelia ni Albano, aliyemwagikiwa na mchuzi.

Jumamosi alikuja Naibu Waziri. Majirani wote walialikwa, maana uzinduzi bila wananchi ni chakula cha mchana tu. Sebule ilijaa, madirisha yakajaa. Ngoma ikapigwa, utepe ukakatwa, pazia likavutwa kwenye kibao cha marumaru, na samaki wekundu wakazunguka ndani ya tangi bila kujali itifaki.

"Idara yenye ubunifu kama huu haifutwi!" alitangaza Naibu Waziri.

Kasimiri aliona raha mpaka macho yakamlowa. Hapo Bi Somoe akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kuelimishwa. Kitu kilichozinduliwa na kiongozi ni cha nani?"

Naibu Waziri hakujua, akamgeukia mtaalamu. Na mdomo wa Kasimiri, uliokwisha kuzoea, ukajibu kabla mwenyewe hajawahi kuushika:

"Ni cha wananchi."

Vigelegele vikapasua dari. Naibu Waziri akamkumbatia. "Mmeona moyo huo? Mtu anawatolea wananchi sebule yake! Pawe wazi kila siku, asubuhi hadi jioni!"

"Mheshimiwa," alisema Kasimiri, jasho likimtoka, "labda meza tuwapelekee uwanjani, wakaione kwa nafasi."

Wanaume wa mtaa mzima waliishika wakavuta. Walivuta mpaka mmoja akachanika suruali. Meza ilikaa kimya.

"Mzee," alisema Bakari, kifua mbele, "si ulisema miradi haisogezwi?"

Idara ilinusurika, na Kasimiri akapandishwa cheo kuwa mkurugenzi kamili. Wananchi walikuja. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye kochi, wakamwomba Rosalia maji ya kunywa, na wengine wakabaki kusikiliza taarifa ya habari. Foleni iliporefuka hadi getini, idara ilileta benchi lake pekee, lile la koridoni, ikaliweka nje kando ya karai la Bi Somoe.

Jioni moja Kasimiri alirudi kutoka kikaoni, njaa inamuuma. Alijaribu kupenya.

"Foleni, mzee!" walimpigia kelele.

Alisimama pale na mkoba wake, hajui ashike lipi. Bi Somoe alimwonea huruma, akafuta benchi kwa kanga.

"Keti, Baba Gregori."

Kasimiri akaketi. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anacheka kwa sauti, bila shaka amekaa kwenye kiti chake.

"Bi Somoe, nyumba nimejenga mwenyewe," alisema kinyonge. "Kwani mie si mwananchi?"

"Wewe ni mwananchi mmoja," alisema Bi Somoe, akimgeuzia kibua kwenye mafuta. "Wananchi wengi wamo ndani."