Mabakuli ya Njano Kirua Vunjo

Jumatatu, 10 Machi

Watafiti wamefika kijijini kwetu, Kirua Vunjo. Wanatafuta namna ya kulima bila kuwamaliza nyuki, ndege na wadudu wengine, na wanasema sisi wakulima tutafanya utafiti pamoja nao. Kiongozi wao ni binti anaitwa Doris. Alieleza mkutanoni kwamba kihamba kimoja, yaani shamba la kuzunguka nyumba, kitakuwa shamba la mfano, na wageni watakuja kujifunza hapo. Watu wote wakamgeukia jirani yangu Sifael. Sikupenda. Kweli kihamba chake kina migomba, kahawa, magimbi, na juu yake miti mikubwa kama paa. Changu nilikata miti yote mwaka juzi nipande nyanya. Nyanya zilikauka. Lakini kuna mwanga wa kutosha.

Jumanne, 11 Machi

Kila mkulima amepewa bakuli la njano. Unatia maji na sabuni kidogo, unaliacha shambani, wadudu wanadhani ni ua, wanaingia. Ijumaa tutakutana kwa Sifael kuangalia nani ana nini, ndipo shamba la mfano lichaguliwe. Jioni nimechungulia langu. Nzi mmoja, tena mzee. Nimechungulia la Sifael juu ya masale, mimea ya mpakani. Limejaa.

Mke wangu Dominika anasema nipande miti, maana hata kahawa iliyobaki inaungua jua. Nimemjibu kwamba mti unachukua miaka na Ijumaa haisubiri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshuka Chekereni, kule tambarare, kwa shemeji Denis, kaka yake Dominika, analima mpunga. Kule wadudu hawana haya. Nimeshinda nikikimbia kwenye matuta na kipande cha chandarua. Nilianguka majini, nikasimama, nikaanguka tena. Denis alikaa kivulini akauliza kama nyumbani wote ni wazima, hasa kichwani. Nimerudi na ndoo ndogo imejaa, nimeimwaga yote kwenye bakuli. Nalala kwa amani.

Ijumaa, 14 Machi

Tulimwaga mabakuli juu ya majani ya migomba, tukaanza kutenganisha wadudu. Langu lilivuta watu. Doris alisogea, akanipa shikamoo, akauliza hawa nimewapata wapi. Nikasema wapo tu, wamezaliwa kwangu.

Mama Elisifa, aliyewahi kulima Chekereni, akanyanyua mmoja wa kijani.

"Baba Goodness, huyu si panzi wa kwenye mpunga?"

Nikasema labda amepanda mlima kutalii.

"Na huyu konokono wa majini?"

Nikasema huyo lazima alianza safari mapema.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Dominika alikuwa anaangalia viatu vyake, na hilo liliniuma. Sifael peke yake hakucheka. Alisema ana miche ya miti ya kivuli imezidi, nichukue kiasi nitakacho. Ningependelea acheke.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa Doris na wakulima wenzangu wa utafiti wamekuja nyumbani. Nilijua wananifukuza kwenye utafiti, nikavaa koti kabisa ili nifukuzwe kwa heshima. Kumbe hapana. Wamekubaliana Sifael awe shamba la mfano, lakini wanahitaji pia shamba ambalo karibu hakuna kinachoishi, ili walinganishe. Walipopiga kura, mikono yote ilinyooka kwangu. Hata Sifael hakupata kura zote.

Wageni watakuja hapa pia. Doris anasema tutapanda miti pamoja, na watu wataona viumbe wakirudi kidogo kidogo. Hayo ya mwisho sikuyasikiliza sana, nilikuwa nafikiria benchi la wageni nitaliweka wapi. Dominika ameenda kwa Sifael mwenyewe, amerudi na miche, ameipanda huku anaimba. Siku nyingi sijamsikia akiimba. Sikumzuia.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimekuta nyuki wawili kwenye maua ya maboga. Sikuwaita. Juu ya mgomba kulikuwa na ndege, amekaa kama aliyekuja kuhamia. Kwa mwendo huu wageni watakuta shamba la kawaida tu, na nafasi yangu atapewa mtu mwingine.

Nimemwambia Dominika naenda kuangalia kahawa. Nimechukua taulo. Ndege ameondoka kwa hiari, na nyuki mmoja nimemsindikiza hadi kwa Sifael. Huyu wa pili ni mbishi, lakini leo sina kazi nyingine.